Siku Kunguru Waliposhinda

Mtoto akizaliwa anapachikwa kidude nyuma ya sikio, na kidude hicho hubeba timu ya baba yake. Akifikisha mwaka kinaamka. Timu ikishinda utacheka, ikifungwa utalia, upende usipende, mpaka kaburini.

Mume wangu Kiondo ni Kunguru, na tangu besiboli ya kulipwa ianze hakuna timu iliyofungwa kama Kunguru. Msimu baada ya msimu nalala na mtu anayelia. Mimi ni Mwewe, mabingwa. Nikicheka jikoni, ananitazama kama mchawi.

Nilipojifungua Hidaya, mama mkwe alinionya, "Mtoto ni wa baba. Atalia na wenzake."

"Walie wenyewe, mama," nikamjibu. "Wangu hatalia."

Kiondo alikuwa nyumbani, kajikunja sakafuni, Kunguru wamefungwa tena. Nikamwambia nesi ampachike Mwewe. Sikumuuliza mtu.

Jana Hidaya alifikisha mwaka, na jana hiyohiyo Kunguru waliwafunga Mwewe.

Kiondo aliinuka akicheka. Sikuwa nimewahi kuuona uso ule.

"Nipe mwanangu nicheke naye," akasema.

Hidaya akapiga yowe. Akamsukuma baba yake kifuani kwa viganja vyote viwili, machozi yakimtiririka.

Kiondo akanigeukia, akaelewa. Bado alikuwa anacheka, hawezi kuacha.

"Hata huyu umeninyima?"

Nilitaka kumjibu, lakini nami nilikuwa nalia. Nikamtazama mtu anayecheka jikoni kwangu, nikaona mchawi.