Bahasha ya Makao Makuu

Meneja aliyepita alizisoma barua za makao makuu ofisini, pazia limeshushwa, kisha akatoka na kusema mambo ni shwari. Kesho yake watu wakazuiwa getini.

Kwa hiyo Bi. Tunu, meneja mpya, aliposimama katikati ya kiwanda cha viberiti na bahasha mkononi, hakuna aliyeitikia salamu yake.

"Imefika sasa hivi," alisema. "Wameniambia kwa simu kwamba ina majina ya wanaopunguzwa. Sijaifungua."

"Maneno hayo tumeyazoea, mama," alisema Chande, fundi wa mashine ya kukata njiti.

Bi. Tunu akampa bahasha. Chande aliigeuza, akaikagua gundi, akainusa kama anayenunua samaki. Haikuwa imeguswa. Akaichana, akavaa miwani, akakohoa ili asome kwa sauti.

Hakusoma. Alimtazama Bi. Tunu, akairudia karatasi.

"Mama," alisema polepole, "hili jina la kwanza twende tukalisome ofisini."

"Lisome hapahapa, Chande."

Chande akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati. Aliifuta kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.