Njuga za Kamili

Masalu alikufa tena, mara ya arobaini na moja tangu asubuhi, na kibanda kizima cha gemu kikacheka.

Wala hakufa kishujaa. Ninja wake aliruka ukuta, akamkata adui mmoja mkono, kisha huyohuyo aliyekatwa akatambaa na kumng'ang'ania mguu mpaka wenzake watatu wakammaliza. Hatua ya tatu. Wiki tatu nzima, hatua ya tatu! Kwa mtu wa miaka arobaini na minane, aliyeacha kidole kimoja kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, hiyo ilikuwa aibu ya kujitafutia.

"Na kachagua ngazi ya watoto," alisema Kamili bila kumtazama. "Mtu anazama kwenye maji ya kisigino."

Kamili aliuza makava ya simu stendi ya Buseresere, na ndiye aliyekuwa bingwa wa sehemu ya kwanza ya gemu hiyo. Sasa sehemu ya pili ilikuwa imefika, kwenye diski yenye maandishi ya Kijapani mwanzo hadi mwisho. Ukiiwasha inakupa mistari mitatu uchague ugumu, na Buseresere nzima hakuna aliyejua mistari hiyo inasema nini. Kamili hakuhangaika. Katika sehemu ya kwanza mstari wa chini kabisa ndio uliokuwa mgumu, basi akachagua wa chini. Masalu, ambaye hana makuu, akachagua wa juu.

Davis, mwenye kibanda, alikuwa ametangaza mapema. Mwanza kuna mashindano, kibanda kina nafasi moja. Atakayekuwa amefika mbali zaidi kwenye ngazi ngumu kuliko zote, Jumamosi saa sita mchana, ndiye atakayekwenda. Hakuna aliyeelewa Masalu anaitakia nini nafasi hiyo, lakini aliitaka mpaka ikamkosesha usingizi. Tangu apoteze kidole, hakuna aliyemchagua kwa lolote. Hata machimboni walimbakiza kuchota maji.

Wiki ya kwanza vijana walimwamkia shikamoo akiingia. Ya pili wakaacha. Nani amwamkie mtu anayekufa mara arobaini kwa siku?

Jumamosi hiyo, runinga mbili zikiwa zimewashwa pamoja, Kamili alikuwa hatua ya mwisho na bado analalamika.

"Hii sehemu ya pili wameiharibu," alisema, vidole vikicheza juu ya padi. "Maadui wamelegea. Wanapanga foleni kama wagonjwa zahanati. Namkata mmoja, mwingine anangoja zamu yake. Waliotengeneza hii gemu hawajawahi kupigana hata na kuku."

"Kwangu hawangoji," alisema Masalu taratibu. "Wanakuja wote, na mishale inatoka juu."

"Kwako wangoje nini, mzee? Wamekuona!"

Watu wakacheka mpaka benchi likalia.

Kitu kilichomtia Kamili kiburi zaidi ni njuga. Ninja wake alifungwa njuga miguuni tangu hatua ya kwanza. Wa Masalu alikuwa na miguu mitupu. Babu yake Kamili alicheza ngoma za mashindano mpaka akaimbwa vijiji vitatu, kwa hiyo Kamili hakuhitaji Kijapani kuelewa hilo. Njuga hufungwa mchezaji aliyeiva. Tena hizi zililia zenyewe kila adui aliponyemelea kwa nyuma, naye akageuka na kukata.

"Mnasikia?" alisema. "Hata njuga zinamjua mwenyewe."

Hosiana, mtoto wa Davis ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alipita katikati ya mabenchi akiyumba, njuga zake ndogo zikilia mguuni. Mama yake, Agatha, alikuwa nje anakaanga mihogo. Hakugeuza hata shingo.

"Baba Hosiana, mtoto anakwenda kwenye nyaya!"

Davis akamdaka.

Saa sita kasoro dakika tano, Masalu alimwangusha bosi wa hatua ya tatu. Machozi yakamlengalenga. Akatazama kushoto na kulia apate wa kumwonyesha, lakini wote walikuwa wamempa mgongo, macho kwenye runinga ya Kamili. Akaingia hatua ya nne peke yake, akafa palepale mlangoni.

Kwa Kamili bosi mkuu alikuwa amepiga magoti. Upanga ukashuka, kioo kikawa cheupe, kisha yakashuka maandishi ya dhahabu, mistari mingi, na ninja wake katikati akirukaruka na njuga zake. Kibanda kikalipuka kwa vifijo. Davis akaanza kumpa mkono wa pongezi.

"Subiri kwanza," alisema Kamili. "Noela! Lete ile simu yako inayotafsiri. Nataka sifa zangu zisomwe kwa sauti. Na wewe Masalu, weka padi chini usogee usikie."

Masalu akaweka padi chini, akasogea.

Noela, mdogo wake Davis anayesoma chuo, akaielekeza simu kwenye runinga. Akasoma kimoyomoyo kwanza. Akamtazama Kamili, akaitazama tena simu.

"Kaka Kamili, nisome kweli?"

"Soma! Tena kwa nguvu, mpaka wauza ndizi kule barabarani wasikie."

Noela akakohoa kidogo, akasoma.

"Hongera, mtoto mzuri! Umemaliza ngazi ya wanaojifunza. Kengele za miguuni huzihitaji tena, sasa unaweza kuzivua. Ukikua, jaribu ngazi ya mabingwa. Ni mstari wa juu kabisa."

Davis akauachia mkono wa Kamili, akageuka.

"Shikamoo, baba," akamwambia Masalu. "Gari la Mwanza ni saa kumi na mbili asubuhi."