Gamba la Mrembo Chatu

Mwenye njaa ale kwanza, ndipo anisikilize.

Chatu alikuwa mrembo wa kupigwa picha, na mwituni kote hakukuwa na ngozi iliyong'aa kama yake. Mpiga picha wake, Ngiri, hakumruhusu kula chochote.

"Mrembo akishiba anaharibika," alisema Ngiri, huku akila yai jingine kutoka kapu lake la mayai. "Tena usitikisike!"

"Baba, mwezi wa pili huu sijala. Hata yai moja?"

"Hata ganda lake!"

Asubuhi moja, kabla Ngiri hajaja, Chatu akajivua gamba kama nyoka wote wafanyavyo. Akaliacha limejizungusha kwenye gogo alilozoea kupigiwa picha, akaenda kujitafutia chakula.

Ngiri alipofika na kamera yake, alipiga kelele za furaha. "Leo ndiyo leo! Kiuno chembamba, na hata kupumua hapumui!" Wanyama wakajaa wakishangilia.

Chatu akarudi na tumbo kama mtungi, akajipenyeza mbele aone kulikoni.

"We mama mnene," Ngiri akafoka, "hebu sogea huko, unamziba mrembo!"

"Niwie radhi, baba," akasema Chatu, akasogea taratibu hadi kwenye kapu la mayai.