Pale Ulipopumua

Karani wa mahakama, Mzee Ngwale, hakumruhusu mtu kutia dole gumba kabla hajamsomea maelezo yake kwa sauti, na kwenye kila mkato alivuta pumzi. Ndivyo alivyofundishwa tangu ujana.

Bi Chausiku alikuwa amekwisha kuchovya dole kwenye wino. Nyuma yake alisimama mwanawe Shomvi, aliyeshtakiwa kwa kuchoma duka la jirani yao wakati wa alasiri. Mkono wake ulikuwa begani kwa mama.

“Siku ile mwanangu alishinda kwangu,” karani alisoma, akatua. Kisha akaendelea, “na hakutoka nje mpaka magharibi.”

Dole la Bi Chausiku likabaki hewani.

“Baba, rudia.”

“Mama, maneno ni yako mwenyewe,” karani alisema.

“Najua. Rudia, lakini ukomee pale ulipopumua.”

Vidole vya Shomvi vikamkaza bega. “Mama, tia dole twende zetu.”

“Siku ile mwanangu alishinda kwangu,” karani alisoma, akatua, akasubiri.

Bi Chausiku akainua mkono polepole mpaka begani, akavishika vile vidole vya mwanawe, na wino wote ukabaki kwenye vidole hivyo, si kwenye karatasi.