Bahasha Aliyoisoma Noelene

Mkwaruzo wa kidole cha Noelene juu ya bahasha ulikatika ghafla, nasi vipofu wenzake mezani tukatua vikombe.

Ndani mlikuwa na diski ya programu inayotusomea kompyuta kwa sauti. Bila hiyo, Noelene hawezi kurudi kazini kwake siku ya Jumatatu, hapa mjini Geelong. Miaka yote kampuni inayoiuza iliandika masharti juu ya bahasha kwa wino, tusiweze kuyasoma. Sisi tukichana tu bahasha, tunahesabiwa tumekubali. Tulipiga kelele nje ya mlango wao mpaka wakatuletea hii, yenye nukta nundu.

"Chana basi, dada, chai inapoa," nikamwambia.

"Hebu tulia wewe, nasoma."

Kidole kikaanza tena, polepole, kama kinapapasa uso wa mtoto mchanga.

"Ukifungua," akasoma, "umekubali kampuni izime programu wakati wowote, bila taarifa."

"Mashetani! Tangu lini?" nikafoka.

"Imeandikwa ni masharti yale yale ya zamani. Na sote tulikubali."

Nilingoja atukane. Badala yake akasema kwa mshangao:

"Jamani, kumbe naweza kukataa."

Akanisukumia bahasha. Nikaipapasa ukingoni. Gundi ilikuwa nzima.

"Nipe simu," akasema. "Niwaambie kampuni siifungui."