Majina Matatu

Katika chama cha watafiti wa ubongo, mwanachama mpya huandika majina yake matatu daftarini, wenzake wakiwa wamesimama wanamtazama. Dakta Bishara aliibana kalamu. Miezi sita sasa mwandiko wake ulikuwa ukisinyaa, dalili ya maradhi aliyoyafundisha miaka mingi, na hapo ukumbini hapakuwa na mtu ambaye asingeitambua.

"Taratibu, mwanangu. Hatukimbizwi," alisema Profesa Kombo, mwenyekiti mzee.

Jina la kwanza lilitoka vizuri. La tatu likawa safu ya sisimizi. Bishara hakuthubutu kuinua macho.

Profesa alilivuta daftari, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akaandika jina lake chini ya lile la mgeni. Ili alisome, Bishara alilazimika kuinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.