Ukurasa Uleule

Tangu apatwe na kiharusi, miezi mitano sasa, mzee Shekue hakutamka neno. Kila alasiri bintiye Salha alimsomea kitabu, maana daktari alisema huenda anasikia.

Leo macho ya Salha yalikuwa kwenye mistari, lakini akili ilikuwa jikoni, kwenye maharage aliyoyaacha motoni. Mdomo ukasoma wenyewe, ukamaliza ukurasa, ukaurudia toka juu, naye hana habari.

“Hapo... umeshasoma.”

Sauti ilikwaruza kama mlango uliofungwa siku nyingi. Salha akainua uso. Baba yake alikuwa amekunja ndita, kama alivyowakunjia wanafunzi wake zamani.

Harufu ya maharage yanayoungua ikaingia chumbani. Salha hakuinuka. Akaanza ukurasa uleule mara ya tatu, makusudi, jicho moja kwenye midomo ya baba.